Penye Kufuli Tunapita

Lori lile watu walilipa jina la Shangazi, na aliyelibatiza alijua anachosema. Lilikuja limechelewa, lilipiga kelele njia nzima, lilitaka kila mtu alipishe, lakini halikuja mikono mitupu. Lilibeba lita elfu sita za maji katika tangi lililokuwa la maziwa, zamani la kiwanda kimoja cha jibini ambacho mwenyewe alikifunga alipoona vita vimemzidi kimo. Siku za jua kali, ukiinama kwenye kifuniko chake, pua yako ilikutana na maziwa yaliyochacha miaka kumi iliyopita.

Pampu ya Shangazi ilikufa mapema. Watu wa Kirolirwe hawakupoteza machozi kwa hilo. Walisema Mungu aliyewapa vilima hakuwapa bure. Shangazi alisimamishwa barabarani, juu ya nyumba, mipira ya maji ikateremshwa mtelemko mzima, na maji yakashuka yenyewe kama maji yanavyopenda. Breki ya mkono nayo haikushika. Kwa hiyo dereva, Papa Védaste, alikaa ndani ya lori mguu juu ya breki, mawe manne chini ya magurudumu, na kamba ya koki ikiingia kwake dirishani. Akivuta kamba, maji yanashuka. Akiachia, yanasimama. Tangu moto unaanza mpaka unakwisha Papa Védaste hakuwa na ruhusa hata ya kwenda haja.

Huko chini aliona nini? Hakuona kitu. Alisikia tu filimbi ya Emérita. Mlio mmoja mrefu ulikuwa na maana ya kufungua. Miwili mifupi: funga, tunapita, nyumba inayofuata.

Emérita alikuwa kiongozi wa wazimamoto hao wa kujitolea, mjane wa miaka arobaini na minane, mkulima wa maharage, mfupi, mkavu, asiyejua kubembeleza. Watu walimchagua kwa sababu hakuwa na upendeleo. Aliwahi kumkemea padri kwa kutupa kipande cha sigara kwenye nyasi, na padri alikiokota. Filimbi ilikaa shingoni mwake kiangazi chote, akilima, akipika, akisali.

Kanuni ya kufuli aliitunga yeye, na aliitunga kwa uchungu. Mwaka mmoja kabla, moto ulipoingia kijijini, walimwaga nusu ya tangi juu ya nyumba ya Mbonigaba, msuka vikapu. Ilikuwa na kufuli kubwa mlangoni. Mwenyewe alikuwa sokoni Bweremana anauza vikapu, na ndani mlikuwa na kitanda, majembe mawili na kuku mmoja aliyesahauliwa. Nyumba ya nne kutoka hapo alilala Athanasie na homa yake. Maji yalipomfikia yalikuwa yanatiririka kama mkojo wa mbuzi. Athanasie alitoka hai, ila mikono yake tangu siku ile ilikuwa na ngozi ya kuvutika, inayong'aa, isiyotaka jua.

Kwenye mkutano, nje ya kanisa, Emérita alisimama.

"Bantu bangu," alisema, "maji iko kidogo. Nyumba yenye iko na kufuli, haina muntu. Penye kufuli, tunapita. Ikuwe ya chefu, ikuwe ya padri, ikuwe ya miye. Tunapita."

Walikubali wote, na Athanasie alikuwa wa kwanza kuinua mkono wake ulioungua. Juma lilelile alijiunga na kikosi, akawa anashika mpira nyuma ya Emérita. Mbonigaba naye aliona haya kiasi kwamba hakufunga tena mlango wake kiangazi, akisafiri, akilala. Alisema heri aibiwe kuliko kusemwa.

Mtu mmoja tu aliicheka kanuni hiyo: Drocella, mama yake Emérita.

Drocella alikuwa amevuka themanini, na nyonga yake ilivunjika zamani, ikaungana vibaya. Hakutembea. Alisogezwa asubuhi akaoteshwa jua, akasogezwa jioni akarudishwa ndani, na katikati ya safari hizo mbili alitoa maoni juu ya kila kitu.

"Penye kufuli munapita," alirudia siku ile, akicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe nyinyi na bale benye bunduki munasoma mu kitabu kimoja!"

Emérita hakucheka. Alijua mama yake anasema nini, kama kila mtu wa vilima vile anavyojua. Wenye bunduki wakija, wakiitana kwa filimbi zao, wenye miguu wanakimbilia msituni. Asiye na miguu anawekwa nyuma ya kitanda, anafunikwa, na mlango unafungwa kwa kufuli kutoka nje. Ufunguo unakwenda na anayekimbia. Wenye bunduki wakiona kufuli wanajua wenyewe wamekwisha kimbia, na mara nyingi, kwa haraka waliyo nayo, wanapita. Si mara zote. Lakini Drocella alikuwa amefungiwa mara tatu, na mara tatu walipita. Mara ya pili alikuwa na kikohozi. Alijisokomeza pembe ya kitenge mdomoni, akakohoa ndani ya kitenge, kimyakimya, mchana mzima. Hadithi hiyo aliipenda. Wajukuu walimwita Tate, na walipoomba hadithi aliwapa hiyo, na mwishoni aliwaambia siri yake: hata usikie nini nje, usikohoe, usiite.

Mwaka huu kiangazi kiligoma kuondoka. Agosti iliisha, mvua haikuja. Upande wa pili wa bonde wachungaji walikuwa wamechoma malisho, kama wanavyofanya kila mwaka ili nyasi mpya ziwahi mvua ya kwanza. Lakini mvua ya kwanza haikuwahi yenyewe, na moshi ukakaa juu ya vilima siku tisa, mzito, rangi ya chai ya maziwa. Watu walikula moshi, walilala moshi. Siku ya tatu waliacha kuuliza moshi unatoka wapi. Mazoea yana taabu zake, na hii ni mojawapo: pua iliyozoea moshi haiamshi mtu.

Asubuhi ya siku ya kumi upepo ukageuka. Emérita aliusikia shingoni alipokuwa anafunga viatu vya plastiki. Mama yake alikuwa uani, anatoa maharage kwenye maganda. Uwamwezi, mkwe wake, mke wa mwanawe Gisubizo, alikuwa ananyonyesha. Gisubizo mwenyewe alikuwa Walikale, anatafuta riziki. Mtoto alizaliwa baba hayupo.

"Mama," Emérita alisema, "leo upepo iko mubaya. Moto ikikuya, Uwamwezi na majirani batakubeba mu tipoi mpaka ku njia."

Tipoi, machela ya miti miwili na kamba, ilisimama siku zote imeegemea ukuta wa mbele.

"Jirani," alisema Drocella, "njo ule mwenye anabakiaka. Bengine, tunaishi nabo tu."

"Mama, miye sichezi."

"Na miye sichezi. Kwenda ku kazi yako."

Emérita alimgeukia Uwamwezi. Alimpenda msichana huyu, ingawa hakumwambia. Alikuwa mwepesi, mtiifu, wa miaka kumi na tisa, aliyekulia kambini na aliyejua kufunga mzigo kabla hajajua kusoma.

"Moto ikikuya, unafanya nini?"

"Tipoi. Ku njia. Kwenye iko Shangazi."

"Rudilia."

"Moto, tipoi, ku njia."

"Vizuri."

Akaondoka. Hakumwuliza, na zikiwa risasi? Hakuna aliyehitaji kuulizwa hilo. Hilo Uwamwezi alilinyonya na maziwa ya mama yake.

Saa nane mchana Emérita alikuwa amesimama barabarani kando ya Shangazi. Kutoka pale aliweza kuona nyuma ya mgongo wa kilima, ndani ya korongo la mianzi. Moto ulikuwa umevuka mto. Haukuwa na haraka. Ulikuja chini ya majani makavu kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, halafu ukaikuta mianzi, ukasimama wima.

Mwanzi ni bomba lililofungwa pingili kwa pingili, na kila pingili ina hewa yake. Ukiupasha moto hewa inatafuta mlango, ikikosa inajitengenezea. Wa kwanza ulilia *pa!* Kimya. *Pa! Pa!* Halafu korongo zima likaanza, kwa mafungu, kwa kupokezana, mfululizo.

"Yesu," alisema Papa Védaste ndani ya lori. "Nilifikiri..."

"Ni mianzi," alisema Emérita. "Fungua masikio. Athanasie, piga jante! Shusheni mipira!"

Athanasie aliigonga ile rimu ya gurudumu iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi iwe kengele ya hatari, kwa nguvu zake zote. Lakini upepo ulitoka bondeni, ukaichukua sauti na kuipeleka juu malishoni, kwa ng'ombe. Aliyekuwa barabarani aliona moto. Waliokuwa chini, nyuma ya mgongo wa kilima, ndani ya moshi wao wa siku kumi, hawakuona chochote. Walisikia risasi.

Emérita na wenzake watano waliteremka na mipira, vitambaa vilivyoloweshwa vimefungwa puani. Nyumba mbili za juu zilikuwa na watu. Wenyewe walikuwa wameliona lori, wametoka. Filimbi, mlio mrefu. Maji yakaja, nyasi za paa zikanywa, kuta zikageuka nyeusi. Miwili mifupi. Tunapita.

Nyumba ya tatu ilikuwa na kufuli. Miwili mifupi. Ya nne, kufuli. Ya tano, kufuli. Ya sita.

Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba Emérita aliyaona makufuli kabla ya kuziona nyumba. Nyuani hapakuwa na mtu. Sufuria moja ilikuwa juu ya mafiga, maharage yakichemka. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa njiani. Watu hawa walijifunza lini kukimbia moto kimya hivi, bila kupigiana kelele, bila mtu kurudi kuchukua mbuzi? Na kwa nini hakuna hata mmoja aliyepanda barabarani? Alitaka kusimama alifikirie jambo hilo. Lakini moto ulikuwa umefika migombani, Athanasie alikuwa anamsukuma mgongoni, na kule juu Papa Védaste aligonga tangi kwa spana, kama walivyopatana, kuwajulisha maji yamefika wapi. Mlio ulikuwa mwembamba. Nusu ilikuwa imekwenda.

Nyumba ya saba ilikuwa yake.

Kufuli lilikuwa mlangoni, lile la shaba alilolinunua mwenyewe sokoni. Kikapu cha maharage kilikuwa kimelala ubavu, maganda yamemwagika. Aliangalia ukutani. Tipoi haikuwapo.

Ninyi mnaosoma mmetulia, msimhukumu haraka. Alichokiona ndicho alichoagiza: moto, tipoi, ku njia. Msichana ametii, majirani wameonyesha ujirani, na mama yuko salama mahali fulani huko juu, anawatukana wabebaji kwa kumtikisa. Kifua cha Emérita kilifunguka kwa faraja, na ndani ya faraja kukawa na kitu kingine, kidogo, kitamu. Fahari. Kwa sababu Athanasie alikuwa amesimama, ameelekeza kichwa cha mpira kwenye paa.

"Mama Gisubizo," Athanasie alisema kupitia kitambaa, "hapa njo kwako. Tumwange kidogo. Hakuna mwenye atasema."

Hapo ndipo hasa watu wangesema. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Na nyumba iliyofuata ilikuwa ya Mbonigaba, mlango wazi, watoto wake watatu wakipokezana mabidoni ya maji, yeye mwenyewe juu ya paa akipiga cheche kwa tawi bichi.

Emérita hakujibu kwa maneno. Moshi ulikuwa umemkaba. Alitikisa kichwa, akaweka filimbi mdomoni, hatua tatu kutoka mlango wa mama yake, akapuliza.

Miwili mifupi.

Wakapita.

Maji yote yaliyobaki waliyamaliza kwa Mbonigaba. Yalitosha. Moto ulifika kwenye ukuta wake uliolowa, ukajaribu, ukashindwa, ukazunguka. Cheche zikaruka nyuma, zikatua juu ya paa kavu la Emérita. Nyasi zilishika upande wa jikoni, taratibu, zikitoa moshi wa njano mwingi kuliko mwali. Papa Védaste aligonga tangi tena. Sasa lililia kama kengele, tupu mpaka chini.

Emérita alisimama akaiangalia nyumba yake inavyoungua. Kitanda, picha ya harusi, mbegu za msimu ujao. Nyumba hujengwa, alijiambia. Athanasie alikuwa analia. Emérita hakulia, aliona kwamba kuanzia leo hakuna mtu kijijini atakayebisha na kanuni yake.

Mbonigaba alishuka kwenye paa, uso mweusi tii.

"Nilibaita," alisema akihema. "Mama Gisubizo, nilibaita bote! Nilibaambia ni mianzi, miye najua mianzi, njo kazi yangu! Hakuna mwenye alinisikiliza. Balikimbia tu bote ku pori."

"Ku pori?" alisema Emérita. "Ku pori kufanya nini? Moto, unakimbilia je ku pori?"

Kabla hajajibiwa, Uwamwezi akatokea kwenye mikaratusi, upande usio wa barabara. Mtoto alikuwa mgongoni. Alikuja ameinama, mbio fupi, akisimama nyuma ya kila mti, kama mtu anayevuka mahali penye risasi. Alipomwona mama mkwe wake alinyooka, macho makubwa.

"Mama! Bamekwenda? Bale ba bunduki bamekwenda?"

"Bunduki gani?"

"Nilisikia filimbi yabo. Nilisikia..." Kisha akaona moto. Akaona mpira wa maji mikononi mwa Athanasie, na filimbi shingoni mwa Emérita, na paa.

"Uwamwezi," alisema Emérita, polepole, "Tate iko wapi?"

Msichana aliishika pembe ya kitenge chake, akafungua fundo. Ndani ya fundo mlikuwa na ufunguo.

Walikimbia. Hapakuwa na tone la maji la kumwaga, kwa hiyo hawakumwaga. Mbonigaba hakuungoja ufunguo; alivunja ukuta wa nyuma kwa mateke, udongo na fito, na moshi wa njano ukatoka pale kama kitu kilichokuwa kinasubiri. Emérita aliingia kwa magoti. Paa la jikoni lilianguka. Upande wa kitanda lilikuwa bado limeshika.

Uwamwezi alikuwa ameifanya kazi yake vizuri, kama alivyofundishwa. Alimweka Tate nyuma ya kitanda. Tipoi aliiingiza ndani, maana tipoi ukutani inawaambia watu kwamba nyumba ina mlemavu, akaiegemeza juu yake, akaifunika kwa gunia la maharage. Nani angemwona?

Walimtoa nje wakamlaza kwenye maganda ya maharage. Moto haukumgusa. Hata nywele zake nyeupe zilikuwa salama. Ila mdomo wake ulikuwa umejaa. Pembe ya kitenge ilikuwa imesokomezwa ndani kwa mikono yake mwenyewe, mpaka kooni. Emérita aliivuta. Ilikuja kidogokidogo, ndefu, imelowa, na wote walisimama wakitazama inavyotoka. Drocella hakukohoa.

Athanasie alitaka kumshika bega. Emérita aliusukuma ule mkono ulioungua, kisha akaushika tena, akaukamata kwa nguvu mpaka Athanasie akaumia.

"Hatukumusikia," alisema Athanasie. "Angeita hata mara moja. Tulikuwa hapa ku mulango."

Uwamwezi alikuwa amepiga magoti, kichwa chini, mtoto akilia mgongoni mwake na yeye hamsikii. Hakuna aliyemwambia neno baya. Angeambiwa nini? Mvua za kwanza zilikuja siku nne baadaye, nyingi, bure.

Emérita aliivua filimbi shingoni, akaiweka chini kando ya ufunguo. Alijua mama yake alivyokaa kule nyuma ya kitanda, macho wazi gizani, kitenge kwenye meno, akisikiliza. Alisikia viatu vinakuja. Alisikia sauti zisizo na majina, zimezibwa kwa vitambaa. Alisikia filimbi mara mbili, karibu kabisa, hatua tatu kutoka mlangoni, na baadaye viatu vinaondoka, vinakwenda kwa jirani. Na Drocella, ambaye mara tatu walishampita, alimshukuru Mungu kwa mara ya nne.